Mkono Mtupu Haulambwi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.), wiki hii tumeonelea tulijibu katika ukurasa huu swali tulilopokea kutoka kwa mama mmoja wa Mikindani. Tumeona tulijibu hadharani kwa kuwa halimhusu yeye peke yake. Linawahusu mabinti zetu walio viwandani, vijana wetu walio bandarini, wapishi wetu walio katika mahoteli ya Nyali na Bamburi, na pia sisi wenyewe tulioajiri watu majumbani mwetu.

Mama huyu hushona nguo katika kiwanda kimojawapo cha bidhaa za kupelekwa ng'ambo. Katika viwanda hivyo mshonaji hashoni nguo nzima. Mmoja hutia mfuko, mwingine mkono, na mwingine kola, na nguo hupita mbele yao mmoja baada ya mmoja mpaka ikakamilika. Yeye ni wa kola. Kwa miaka mingi ya kuikalia cherehani amejivumbulia namna yake ya kukikunja na kukishika kitambaa kabla hakijapita chini ya sindano, ikawa anamaliza mapema kuliko wenzake na kola zake ni nadra kurudishwa. Msimamizi ameliona hilo, akamtaka awafundishe mabinti wapya. Mama amenyamaza. Kila akitazamwa, hushona kama washonavyo wote. Sasa moyo umemsumbua, anatuuliza: je, yeye ni katika wenye kuficha elimu walioonywa adhabu kali huko akhera?

Tulimwuliza kwanza, kabla ya kumjibu, ni kitu gani kinachomzuia. Akatueleza kwamba siku za nyuma alikuwapo mwenzao aliyevumbua njia ya kuharakisha kazi, akawaonyesha wote kwa moyo mweupe. Mwezi haukupita, kiwango cha kila saa, ambacho wenyewe hukiita tageti, kikapandishwa kwa wote. Mshahara ukabaki pale pale. Wale waliokuwa wazito wa mikono wakawa wanafokewa, na yule aliyewafundisha akawa analaumiwa na kila mtu. "Tangu siku hiyo, Sheikh," akasema, "kila mtu ana lake moyoni."

Ndugu zetu, hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tungeweza kumsomea mama huyu maonyo kuhusu kuficha elimu kisha tukamwacha aende zake na huzuni yake. Lakini jibu la namna hiyo lingemtwika mzigo wote mwajiriwa, na kumwacha aliyeuharibu uaminifu akitoka mikono mitupu, hana lawama.

Kwanza tuitazame elimu yenyewe tunayoizungumzia. Kuna elimu inayoandikika, kama vile kipimo cha nguo, joto la tanuri, au nambari ya simu ya mteja. Hii mwajiri anaweza kuikusanya katika daftari na kuifungia kabatini. Na kuna elimu iliyo mikononi, machoni na masikioni mwa mtu, ambayo hata mwenyewe akiambiwa aieleze hupata taabu. Mwulizeni mama yeyote wa Kisauni anayeuza mahamri asubuhi, unga wake huukanda mpaka lini. Atakwambia, "Mpaka ukubali." Kukubali huko hakuna kipimo chake katika kitabu. Huwezi kukujua ila usimame karibu naye, utie mkono wako katika unga wake, akuambie bado, akuambie bado, mpaka siku akuambie sasa. Mwanachuoni mmoja wa Ulaya, Michael Polanyi, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1966, akaeleza kuwa mtu hujua mambo mengi zaidi ya yale awezayo kuyatamka.

Wajapani nao walikutana na fumbo hili, na kisa chao kinafaa sana jikoni mwetu. Mnamo mwaka 1985 kampuni ya Matsushita ya mji wa Osaka ilikuwa ikitengeneza mashine ya nyumbani ya kuoka mkate. Mashine ilikanda, ikaoka, lakini mkate ukatoka umeungua nje na mbichi ndani. Wahandisi walipima kila kitu wasiambulie jambo. Hatimaye bibi mmoja katika wao, Ikuko Tanaka, akapendekeza waende katika hoteli moja mjini humo iliyosifika kwa mkate, na yeye mwenyewe akawa mwanafunzi wa mwokaji mkuu. Baada ya kumtazama na kuiga mikono yake, aligundua kuwa mzee yule alikuwa akiuvuta unga na kuupinda kwa namna yake maalumu. Wahandisi wakaitengeneza mashine iige mvuto ule, na ndipo mkate ukawa mkate. Mwanachuoni Ikujiro Nonaka alikieleza kisa hiki mwaka 1991, na tangu hapo kimesomeshwa katika vyuo vikuu vingi vya biashara duniani. Tunachotaka mkizingatie ni kwamba elimu ile haikutolewa kwa amri wala kwa barua. Ilitolewa na mtu aliyekubali mwenzake asimame karibu naye na kumtazama. Na hakuna anayemkubali mtu asimame karibu naye ila yule anayemwamini.

Basi kwa nini watu huficha? Tukiwasikiliza wafanyakazi wetu wa bara hizi za Likoni, Kisauni na Changamwe, sababu tunazozisikia aghalabu ni nne. Ya kwanza ni hofu ya kuwa "nikimfundisha, atanitoa." Ya pili ni ile ya mama yetu wa kola, kwamba ujuzi ukishatolewa unageuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia wote. Ya tatu ni kunyang'anywa sifa, fundi akatoa shauri na msimamizi akalipeleka juu kwa jina lake. Ya nne ni kuogopa kufedheheshwa, kwamba ukisema hujui utachekwa, na ukisema kuna kosa utaambiwa wewe ndiye mkosaji. Katika sababu hizi zote nne, hakuna hata moja inayotokana na choyo cha tabia. Zote huzaliwa na namna watu wanavyoendeshwa.

Ya kwanza ina historia ndefu katika mji wetu. Neno kibarua tunalolitumia kila siku lina asili ya barua, yaani kile kikaratasi kidogo alichopewa mtu wa kazi ya siku kuhesabiwa siku zake. Hivyo ndivyo bandari ya Kilindini ilivyoendeshwa kwa miongo mingi. Wapakizi na wapakuzi waliandikwa kwa siku, serangi akichagua huyu na kumwacha yule, na jioni kila mtu akaenda zake bila ahadi ya kesho. Kazi ya kupanga shehena ndani ya tumbo la meli ina maarifa yake. Kilicho kizito kiwe wapi, magunia yafungamane vipi yasiporomoke bahari ikichafuka, na kamba ya winchi isikizwe vipi kabla haijakatika. Lakini mtu asiyejua kama kesho atachaguliwa, kwa nini amfundishe mwingine kazi ile ile wanayoigombania mlangoni?

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani, wapatao elfu kumi na tano. Mji ulisimama karibu wiki mbili. Madai yao makubwa yalikuwa juu ya ujira na maisha, lakini katika miaka iliyofuata wakubwa wenyewe wakatambua kuwa bandari haiwezi kuendeshwa vyema na watu wanaobadilishwa kila kuchapo. Katika miaka ya 1950 wakaanza kuwaandikisha wafanyakazi wa gatini na kuwaingiza hatua kwa hatua katika ajira ya kudumu. Hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Walifahamu kuwa ustadi hukaa panapokaa watu.

Somo hilo la babu zetu linaelekea kusahauliwa. Leo kuna vijana wa Changamwe na Miritini waliofanya kazi mahali pamoja miaka mitatu na bado ni vibarua, na wapishi wa pwani ya kaskazini wanaoachishwa kila msimu wa wageni unapopungua na kuitwa tena wageni wanaporudi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, au aliyeshika kazi ambayo haitazamiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Wengi hawaijui. Na mwajiri anayeikwepa sheria hii kisha akalalamika kwamba wafanyakazi wake hawasaidiani kwa maarifa, anavuna alichokipanda.

Ama hasara ya kutawanyika kwa ujuzi, tumeishuhudia papa hapa Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963 kilikuwa kwa miaka hamsini chuo cha namna yake. Mitambo ile ilikuwa na watu walioweza kuisikiliza na kujua kuwa kuna valvu isiyokaa sawa kabla saa za ukutani hazijaonyesha. Mwaka 2013 usafishaji wa mafuta ghafi ukasimamishwa, na matangi yakabaki kuwa ghala. Hatuzungumzii hapa kama uamuzi ule ulikuwa na faida au hasara ya kifedha, hilo lina wenyewe. Tunasema tu kuwa mtambo unaweza kununuliwa upya siku yoyote fedha zikipatikana, lakini sikio lililozoea mtambo miaka thelathini haliuzwi dukani. Likienda nyumbani bila kuwa na mrithi, limekwenda.

Tuitazame sasa ile hofu ya nne, ya kusema kosa. Mwaka 1996 Bibi Amy Edmondson wa Marekani alichapisha uchunguzi wake juu ya wauguzi na makosa ya kutoa dawa katika hospitali. Alitarajia kuwa makundi ya wauguzi yenye uongozi mzuri na masikizano yangekuwa na makosa machache. Hesabu zikamwonyesha kinyume, kwamba makundi mazuri yaliandikisha makosa mengi zaidi. Alipochungua akafahamu. Si kwamba walikosea zaidi. Ni kwamba wao waliweza kuyasema, ilhali katika makundi yenye wakubwa wakali makosa yalifukiwa, na kosa lililofukiwa hurudiwa na mwingine kesho. Fikirini, mama zetu, ni wodi ipi mngependelea mwanenu alazwe.

Katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani kwa miaka mingi kulikuwa na kamba iliyopita juu ya mstari wa kazi, na mfanyakazi yeyote, hata awe wa chini kabisa, alikuwa na ruhusa ya kuivuta akiona kasoro. Msimamizi alimjia kumsaidia, na kasoro isiporekebishwa kwa wakati mstari wote ulisimama. Katika mahali pengi kwetu, kijana akithubutu kusimamisha kazi hiyo huwa ndiyo siku yake ya mwisho. Na hili pia lina sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aieleze hatari anayoiona kwa msimamizi wake, na inataka mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi nao wanakaa. Lakini kamati ya karatasini haifungui kinywa cha mtu. Kinachokifungua ni yale aliyoyaona yakimpata mwenzake aliyetangulia kusema.

Waislamu hatukuhitaji kungoja vyuo vikuu kutufundisha hili. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha Nabii Suleiman (a.s.) na hudhudi katika Suratun-Naml. Mfalme yule aliyepewa ufalme usio mfano alikagua ndege wake, akamkosa hudhudi, akaahidi kumwadhibu vikali asipoleta hoja ya wazi. Ndege akaja, na jambo la kwanza alilomwambia mfalme ni kwamba yeye amejua jambo ambalo mfalme halijui. Neno hilo, mbele ya wakubwa wengi wa leo, lingetosha kumfukuzisha mtu kazi. Suleiman (a.s.) hakumwona ndege kuwa mtovu wa adabu, wala hakuikubali habari kwa upofu. Alisema atachungua kama ni mkweli au mwongo, kisha akampa yeye mwenyewe barua aipeleke. Hapa pana mambo matatu ambayo msimamizi yeyote anaweza kuyashika kesho asubuhi. Amsikilize mdogo, aihakikishe habari, na kazi inayotokana na habari ile ampe aliyeileta.

Na katika vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, sahaba Al-Hubab bin Al-Mundhir alimwendea Mtume (s.a.w.) na kumwuliza kama mahali walipopiga kambi pamechaguliwa kwa wahyi au kwa rai na mbinu za vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, akatoa shauri wasogee karibu na visima. Mtume (s.a.w.) akasogea, na jeshi likasogea. Sisi humtaja Al-Hubab kwa jina mpaka leo, baada ya karne kumi na nne. Shauri lake halikunyang'anywa na mtu.

Kutajwa huko kwa jina kunatuleta kwenye hofu ya tatu, na mfano wake tunao jirani. Katika njia ya kwenda Port Reitz, Changamwe, kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963. Ustadi wao wenyewe ni hadithi ya elimu iliyopita mkono kwa mkono. Husimuliwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyechukuliwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, alijifunza uchongaji huu kwa wachongaji wa Tanganyika, akarudi nao kwao, na kutoka kwake ukaenea kijiji kwa kijiji hadi ukafika hapa Mombasa. Ndani ya ushirika ule mzee huchonga karibu na kijana chini ya paa moja, kila mtu anaona mkono wa mwenzake, na kila kinyago hutiwa nambari ya aliyekichonga, ili kikiuzwa ijulikane ni cha nani na alipwe yeye. Mtu akijua kazi yake haitapotelea katika jina la mwingine, hana haja ya kumpa mgongo jirani yake anapochonga.

Faida ya mpango huo ilidhihirika miti ilipoadimika. Wachongaji walizoea mpingo na muhugu, miti migumu inayokua polepole, na misitu ya pwani ikawa inakwisha. Wahifadhi wa misitu wakawashauri watumie miti inayokua upesi, hasa mwarobaini, mti ambao kila mama wa pwani anaujua kwa dawa. Lakini mti mgeni huwa na tabia zake ngeni. Gogo lisipokaushwa kwa mpango hupasuka, na kazi ya siku tatu ikawa kuni. Mtu mmoja mmoja katika kibanda chake angejaribu mara mbili akauacha. Watu walio pamoja, wanaoonyeshana lililopasuka na lililosalimika, hujifunza kwa hasara ndogo zaidi. Na kujifunza kwa namna hiyo kunahitaji mtu asione haya kuonyesha kinyago kilichopasuka.

Tusisahau pia mahali na wakati wa kuzungumza. Mtafiti Julian Orr aliwafuata mafundi wa mashine za kunakili karatasi huko Marekani, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1996 alieleza kuwa mafundi wale hawakutegemea sana vitabu vya maelekezo walivyopewa. Walitegemea hadithi walizosimuliana wakati wa chakula na kahawa, za mashine korofi waliyoishinda jana. Sisi watu wa baraza na kahawa chungu tungepaswa kulifahamu hili kuliko wote. Mwajiri anayewakataza watu wake kusemezana wakati wa chai, akidhani anaokoa dakika kumi, huenda anapoteza shule ya bure iliyoko uani mwake.

Sasa tumjibu mama yetu. Onyo lililokuja juu ya mwenye kuulizwa elimu akaificha, wanavyuoni wengi wameifasiri elimu hiyo kuwa ni ile ambayo mtu anaihitaji katika dini yake na hana njia nyingine ya kuipata. Ustadi wa mkono ni riziki ya mtu, na hatuoni kuwa ana dhambi kwa kutoutoa bure kwa mwenye nguvu atakayeutumia kuwadhulumu wanyonge. Lakini mama atenganishe mambo mawili. Yale yanayomlinda mwenzake na madhara, kama vile sindano inayoweza kumtoboa kidole, waya ulio wazi, au namna ya kukaa isiyomvunja mgongo, hayo ayaseme leo hii, wala asingoje malipo. Hayo ni haki ya uhai. Ama ile njia yake ya kola, kwanza anaweza kumpa binti mmoja mmoja anayemwona anataabika na kufokewa, kwa siri ya mapenzi, kama mama ampavyo mwanawe. Na kwa msimamizi, aende yeye na wenzake, au kwa njia ya chama chao cha wafanyakazi, waseme waziwazi: tutafundisha, lakini tuandikiane. Kiwango kisipandishwe bila makubaliano, muda wa kufundisha usikatwe katika hesabu ya siku, na faida itakayopatikana iwe na fungu letu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mwajiri anayetaka mkono wa mfanyakazi wake umpe zaidi ya alichoandikiana naye, naye aunyooshe wake ukiwa na kitu.

Kwa waajiri na wasimamizi wanaotusoma, na wapo, tunasema kwa heshima kwamba wafanyakazi wenu hawayapimi maneno mnayoyasema katika mikutano. Wanapima mlilomfanyia yule wa mwisho aliyewaamini. Mkimpandishia kazi yule aliyewafundisha wepesi, wengine hamsini watafunga midomo. Mkimtaja kwa jina, mkamwongeza japo kidogo, mkamfanya mwalimu na kumlipa kama mwalimu, hamtahitaji kuwaamrisha wale hamsini. Chanda chema huvikwa pete, na pete hiyo ivikwe mbele za watu. Na mfundishe mapema, kabla mzee hajastaafu, kwa kumpa kijana wa kufuatana naye mwaka mzima. Karamu ya kuagana hufanywa siku moja tu, na haiwezi kuwa darsa.

Hatutakuwa waadilifu tukimalizia viwandani na kuuruka mlango wetu wenyewe. Wengi katika nyinyi, mama zetu, ni waajiri. Mna dada wa kazi nyumbani, au msichana wa kukusaidieni katika biashara ya viazi karai na kaimati, au wenzenu mnaowachukua kupika katika maharusi. Binti wa kazi akivunja bakuli, je, huja kukwambia, au hulificha nyuma ya jiko? Mtoto akianguka hukupigia simu papo hapo, au hungoja uvimbe ushuke? Jibu la swali hili halitegemei tabia yake peke yake. Linategemea ulivyompokea mara ya kwanza alipokuja na habari mbaya. Aliyepigiwa kelele kwa bakuli ataogopa kusema la mtoto, na la mtoto ndilo unalolihitaji zaidi kuliko la bakuli.

Na wewe mpishi wa maharusi, ambaye biriani yako imesifika toka Likoni hadi Mtopanga, tunajua una siri yako na ni haki yako. Lakini zingatia kuwa sufuria lile haliinuliwi na mtu mmoja. Wale unaowaita kukata vitunguu wakiwa miaka kumi ni wa kukata vitunguu, siku ukiugua harusi ya watu itaharibika na jina lako nalo. Mchague mmoja umwonyeshe masala, umwonyeshe na moto. Mwandikie fungu lake. Mficha uchi hazai.

Msomaji atakayeuliza aanzie wapi, tunampa jambo dogo la wiki hii. Amwendee mtu mmoja anayefanya kazi chini yake au pamoja naye, amwulize, "Ni jambo gani unalolijua juu ya kazi hii ambalo mimi silijui?" Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho, asijitetee. Akiambiwa jambo la kweli, alifanyie kazi mbele ya macho ya aliyelisema, na amtaje.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki za wenye kuhangaika alfajiri katika feri na matatu zetu, awape waajiri wetu vifua vya kusikiliza, na atujaalie tuwe wenye kuaminiwa kabla ya kudai kuaminiwa. Amin. Wallahu a'lam.